Mdomo wa Mdogo Wake

Chuo cha mafundi friji kilikubali kumpokea kijana kiziwi kwa sharti moja: aje na mtu wa kumtafsiria. Mtu huyo akawa dada yake, msusi, ambaye tangu utotoni alizungumza naye kwa mikono vizuri kuliko hata mama yao. Akawaaga wenzake saluni, akawaambia ni kozi tu, ikiisha atarudi.

Kila asubuhi alisimama kando ya ubao, mgongo kwa mwalimu, uso kwa mdogo wake, mikono ikipanda na kushuka. Mwalimu alikuwa mtu mwema lakini mdomo wake ulikuwa cherehani. Anaeleza kompresa huku akifungua bomba, anarukia gesi, anachomeka utani, anarudi kwenye kompresa. Msusi alimkimbiza mpaka mabega yakawaka moto. Akishusha mikono kidogo tu, macho ya mdogo wake yanamganda: amesema nini? Hata kwenda msalani ilikuwa kesi.

Lakini somo lenyewe lilikuwa likimwingia. Jambo usilolielewa mikono hukataa kulisema, kwa hiyo ilibidi aelewe. Akaanza kuota mabomba ya shaba. Siku moja akajikaza, akamfuata mkuu wa chuo, mwanamke wa makamo mwenye maneno matamu, akaomba naye aandikishwe.

"Mwanangu," mkuu alisema, "ukishika spana, nani atamsemea mwenzio? Wewe ndiye unayetufanya tuitwe chuo kisichomwacha mtu nje. Wageni wakija, wewe ndiye wa kwanza ninayewaonyesha."

Wageni walikuja kweli, wakapiga picha. Msusi akaambiwa asogee kidogo, anaziba mashine.

Kozi ilipoisha mdogo wake alifaulu, na ghala la baridi likamwita kazini. Mama yao alilia kwa furaha. Alipokwisha kujifuta machozi akamgeukia binti yake.

"Na wewe ujiandae. Meneja amesema mwende wote wawili."

"Mama, kwani wameniajiri mimi?"

"Wamemwajiri mwenzio. Wewe ni mdomo wake. Au unataka arudi kukaa hapa ukutani kama picha?"

 Msusi angejibu nini, asionekane amemsukuma mdogo wake shimoni? Akatoka uani kuanua nguo, na akajikuta anaanua hata zilizokuwa bado mbichi.

Mdogo wake alimfuata. Maneno hakuyasikia, lakini nyuso alikuwa ameziona. Akauliza kuna nini. Dada akaashiria hakuna kitu. Kijana akaichukua ile nguo mbichi mkononi mwake, akairudisha kwenye kamba, akasimama mbele yake asimpishe.

Basi dada akamwambia. Kwamba amechoka. Kwamba amegeuka bomba, maneno yanampita tu yakienda kwa mwingine.

Mikono ya kijana ikaja kwa kasi. "Unadhani umefungwa peke yako? Wenzangu wakicheka darasani nakuuliza wamecheka nini, unaniambia upuuzi tu. Kozi nzima nimelishwa jibu hilo hilo. Mimi nilikuwa nautaka huo upuuzi."

Uso ulimshuka msusi, maana ilikuwa kweli. Utani ndio aliokuwa akiuruka ili mikono ipumzike.

"Twende kwa meneja," kijana akaashiria. "Unisemee kama nitakavyosema. Usipunguze."

Ofisini meneja alikuwa na msimamizi wa zamu. Kijana akaanza, na msusi akatoa sauti: "Anasema kazi anaitaka. Hamtaki dada yake." Walikuwa wamekubaliana hivyo. Akaendelea. "Anasema atawafundisha wenzake alama chache, zinazotosha kazi."

"Na ikitokea hatari humo ndani?" meneja aliuliza. "Mtu anapiga kelele, yeye kainama kwenye mashine?"

"Anasema fungeni taa nyekundu. Ikiwaka ataiona."

Meneja akakuna kidevu. "Mwezi mmoja dada awepo. Baada ya hapo tutaona."

Mwezi ule ulikuwa mrefu. Msusi alivaa koti zito la kuazima, akaingia kwenye chumba cha baridi, na kila mara mlango mnene ulipojibana nyuma yake alihisi umembana yeye. Msimamizi alikuwa akimtazama yeye kila anapotoa amri. "Mwangalie yeye, si mimi," msusi alimwambia mpaka akachoka. Taa ilifungwa baada ya kukumbushwa sana. Wapakiaji wa ghala walijifunza alama za simama, gesi, shika hapa, chai. Kijana akawaongezea tusi moja, wakaangua kicheko, naye akacheka nao. Safari hii msusi ndiye aliyeuliza wamecheka nini. Mdogo wake akamjibu: upuuzi tu.

Mwezi ulizaa wa pili. Mwishowe meneja akasema dada anaweza kupumzika. Msimamizi alama hakuzikamata vizuri, bado alikuwa mtu wa kupayuka, lakini wapakiaji walimsaidia, na kazi ikaenda.

Msusi hakurudi saluni. Alikwenda chuoni siku ya kuandikisha wanafunzi wapya, akasimama kwenye foleni kama watu wengine. Mkuu alipomwona alimkumbatia.

"Mungu amekuleta. Mwaka huu tuna wasichana wawili viziwi, na wote hawana mtu."

"Mimi nimekuja kusoma, mama."

"Utasoma, nani amekukataza? Utasoma huku unawasaidia."

"Nikishika spana nitawasaidia kwa mikono ipi?"

Mkuu akacheka, akampigapiga bega, akaita mtu mwingine. Wasichana wale walikuwa wameketi kwenye benchi karibu na dirisha, mikoba mapajani, wakitazama midomo ya watu. Mmoja akamwona msusi, akainua mkono kwa woga, akauliza kwa alama kama hapa ndipo wanapoandikishwa.

Mikono ya msusi ilikuwa imeshamjibu kabla mwenyewe hajaamua. Ndiyo, ni hapa. Msichana akatabasamu, akamvuta mwenzake, wakaja kusimama nyuma yake kwenye foleni.