Kiganja Kisichosikia Moto

"Hilo si povu la maziwa, wifi. Hilo ni la kufulia."

"Basi usinywe!"

"Wiki tatu nakunywa makosa yako, leo ndiyo unaninyima?"

Msusi alikisogeza kikombe. Povu lilikuwa limesimama juu ya kahawa kama kola iliyotiwa wanga. Kopa, lile umbo la moyo lililokusudiwa kuchorwa kwa maziwa, halikuonekana, na maziwa yalinuka kuungua.

Dobi, mke wa kaka yake, alijifuta mikono. Kwa miaka kumi na saba alikuwa akifua na kupiga pasi mashuka ya hoteli, katika chumba cha chini kisicho na dirisha. Sabuni ilikuwa imemla vidole. Daktari alishamwambia aiache kabla ngozi haijamwacha yeye. Ndipo ikatokea nafasi ya kutengeneza kahawa ghorofani, kwenye mgahawa wa hoteli hiyohiyo. Majaribio yalikuwa leo, saa nne. Sasa ilikuwa saa mbili na nusu.

Alichukua simu. "Nampigia msimamizi. Siendi kujiaibisha."

"Piga. Na mimi nampigia kaka, nimwambie mkewe kakimbia jagi la maziwa."

"Povu unalotoa wewe lingetosha vikombe mia!"

Wakacheka bila kutaka. Mashine ile ya kahawa msusi aliachiwa na mteja aliyehama, akaileta mwenyewe, kichwani. Kahawa hakuipenda hata kidogo. Lakini kila kikombe alikitia vijiko vitatu vya sukari, akakoroga haraka hadi mchoro ulioharibika ukapotea, akamaliza.

"Rudia," alisema. "Nataka kuona."

Dobi akamimina maziwa baridi hadi nusu ya jagi. Akafungulia mvuke kwenye kitambaa kwanza, uteme maji, kama alivyozoea kwa pasi. Akaizamisha ncha ya bomba la mvuke kidogo tu. Maziwa yakalia chaa, kama shuka linalochanwa. Akaizamisha zaidi, yakaanza kuzunguka. Kiganja chake kilikuwa ubavuni mwa jagi, kikingoja.

"Unangoja nini?"

"Yule mtengeneza kahawa wa ghorofani aliniambia, jagi likikushinda kushika, zima."

"Halijakushinda?"

"Bado vuguvugu."

Msusi akaligusa. "Mama yangu wee!" Akaruka, kidole mdomoni.

Dobi akazima mvuke. Akageuza kiganja chake, akakitazama. Kilikuwa kigumu, kinang'aa kama kitako cha pasi.

"Kumbe si mashine," alisema taratibu. "Ni mimi."

"Si wewe, ni kiganja." Msusi alikuwa akikipuliza kidole. "Mwanao alipozaliwa, ulinifundisha kupima joto la maji ya kumwogesha kwa kutumia nini?"

"Kiwiko."

"Enhe! Au kiwiko nacho umekipiga pasi?"

Dobi akalisuuza jagi, akatia maziwa mengine. Safari hii alipandisha mkono wa blauzi, akaliegemeza jagi kwenye ngozi laini ya ndani ya mkono, ambako pasi haikuwahi kufika. Likaanza kuchoma. Akazima. Akaligonga mezani mara moja, akalizungusha; maziwa yaling'aa kama rangi mbichi. Akamimina kwenye kahawa kutoka juu, akashusha, akakata katikati.

Kopa likatokea, limelalia upande mmoja.

"Limepinda," alisema.

"Limepinda, lakini kopa."

Dobi alitaka kusema asante. Neno lilikuwa dogo mno kwa vikombe vyote vile.

"Usinililie hapa," msusi alisema. "Nenda."

Dobi akapiga simu palepale, akiwa amesimama. "Msimamizi? Ni mimi, dobi. Nakuja. Nina ombi moja tu: sare iwe ya mikono mifupi."

Akavaa viatu, akatoka na mkono mmoja wa blauzi ukiwa bado juu.

Msusi akavuta kikombe na kopo la sukari. Akachota kijiko cha kwanza, akakitazama, akakirudisha koponi. Akanywa bila kukoroga, polepole, kopa likimjia mdomoni zimazima.