Dakika Nane za Dod
Hapa Hawick, mji wetu mdogo wa Uskoti, tunatengeneza kofia za wanaume ambazo wanaume wa Hawick hawazivai. Ni za sufu ya mbuzi, na ukimtajia kaka yangu bei yake lazima atafute kiti kwanza. Mashine inafuma mwili wa kofia. Utosi tunaufunga sisi wanawake wanne wa chumba cha juu, kitanzi kimoja kimoja kwenye sindano, macho yanatutoka. Halafu zinashuka chini kwa Dod Rutherford, anayeziosha.

Dod ana upara na ana ubishi, na sijui kipi kilianza. Anaosha kofia dakika nane, hazidishi hata moja. Ukiiosha sana, kofia inatoka laini kama shavu la mtoto, mteja anaipapasa dukani na kuyeyuka palepale, kisha baridi inapoisha imeota vipele vya nyuzi na imelegea mpaka kwenye nyusi. Ukiiosha kwa kiasi, inatoka ngumu kidogo, halafu inalainika kichwani mwaka hadi mwaka. Shida ni kwamba matajiri wa London hawana subira ya kuizoesha kofia.

Jumanne alikuja Bwana Hallam, mnunuzi wa duka moja kubwa la huko, amevaa viatu visivyowahi kuona matope. Gavin, mwenye kiwanda, alikuwa ametuambia waziwazi asubuhi: duka lile likituacha, chumba cha juu kinafungwa, na sisi wanne turudi nyumbani. Kwa hiyo tulishuka wote chini, eti tunabeba kofia za kuonyesha.

Hallam aliipapasa ya kwanza, akakunja pua. "Inakwaruza. Wengine wananiletea laini kuliko hizi."

"Hao wengine wanaosha mpaka mbuzi mwenyewe angelia," Dod akasema.

"Dod, mzee wangu," Gavin akamsihi, "dakika ishirini tu. Kwa leo tu."

"Osha mwenyewe, mwanangu. Mimi siharibu kofia makusudi."

Nilitamani kumnyonga. Nampenda Dod, lakini alichokuwa anakichezea ni kibarua changu, si upara wake.

"Wewe una pensheni," nikamwambia. "Sisi tuna nini?"

Hilo lilimpata. Alivua kofia yake kufuta jasho la mvuke, kama afanyavyo kila mara, akaitupa mezani katikati ya zile mpya. Hallam alikuwa anavaa glavu aondoke. Mkono wake mmoja ukaigusa, ukasimama.

"Hii," akasema. "Hii ndiyo niliyokuwa naitaka. Kwa nini mlinificha?" Akaivaa, akafumba macho kama mtu aliyeingia kwenye maji ya moto. "Mmeifanyaje?"

Elspeth, mwenzangu wa sindano, alitoka nje kwa kicheko. Ikabidi niseme mimi.

"Imevaliwa na Dod miaka kumi na tisa, bwana. Kwenye mvua, kwenye mechi za raga, na usiku mmoja kwenye zizi la kondoo, alipolewa akalikosa lango la kwake."

Nilidhani ataitupa kama imemng'ata. Aliivua polepole, akaishika kwa mikono miwili.

"Ilioshwa dakika ngapi?"

"Nane," Dod akasema.

Hallam akaigeuza ndani nje, akauchunguza utosi. Hakuna kitanzi kilicholegea hata kimoja. "Huu aliufunga nani?"

Sote tulijua. Netta alikaa kwenye kiti ninachokalia mimi sasa, naye ndiye aliyenifundisha kazi hii, kwa matusi mengi kuliko maelezo. Tumemzika huu mwaka wa sita.

"Mke wangu," Dod akasema.

Kwa hili nampa Hallam heshima yake: alishusha sauti. Alisema atachukua kofia zetu kwa misimu mitatu ya baridi, na dakika zibaki nane. Ila aruhusiwe kuiweka hii juu ya meza ya duka, kando ya mpya, watu waishike. "Bila hii, hawatanielewa."

Gavin aliangalia sakafu. Mimi niliomba Dod akatae na nikaogopa atakataa, nikajichukia kwa yote mawili. Dod aliichukua kofia, akaizamisha pua ndani yake, akavuta pumzi mbele yetu kana kwamba hatupo. Kisha akamkabidhi.

"Msiioshe," akasema.

Tulipotoka jioni, mvua ilikuwa inanyesha na upara wa Dod uko wazi, unang'aa kama yai. Roho iliniuma. Nilikuwa nimechomoa kofia moja mezani, niliyoifunga mwenyewe asubuhi ile, nikamvisha kwa nguvu maana angebisha.

Akaipapasa. "Ngumu, Isa," akaniambia.

"Vumilia. Miaka kumi na tisa tu."

"Nina sitini na nane, we mwanamke."

"Basi usiivue hata ukilala."