Moshi wa Siku ya Harusi

Hina ilikuwa bado mbichi viganjani mwa Riyama, naye hatulii. Amekaa mkekani nyumbani kwao Kikwajuni, mikono kaitandaza, lakini kila mara huinama kuchungulia simu aliyoilaza juu ya goti.

"Dada, hata leo?" akauliza Mwatima, bibi harusi, aliyekuwa akifukizwa udi upande wa pili wa chumba.

"Nnaangalia tu."

Mama yao alifariki Mwatima akiwa bado msichana mdogo, na Riyama ndiye aliyemlea. Alasiri hiyo bwana harusi akitoka msikitini ataletwa kumtia mkono mkewe, yaani kumshika kwa mara ya kwanza baada ya nikahi, na wa kukaa ubavuni mwa bibi harusi ni Riyama. Aliliahidi hilo tangu siku ya posa.

Lakini simu ilikuwa ikimwonesha hewa ya mtaa wa Mpendae. Yeye na mwenzake Kheir, wataalamu wa ofisi ya mazingira, walikuwa wameweka mtambo wa kupima vumbi juu ya paa la skuli, baada ya walimu kulalamika kuwa watoto wanakohoa darasa zima. Jirani na skuli palikuwa na kiwanda cha sabuni. Kila walipokwenda kukagua, tanuri lilikuwa likila vifuu vya nazi na moshi ni mwepesi. Wakiondoka tu, vumbi linapanda. Meneja wake, Nadir, mtu wa maneno laini, aliwajibu, "Moshi wa mtaani una baba wengi." Na hapo alikuwa na haki: bila ya sampuli iliyotoka ndani ya bomba lenyewe, hawakuwa na ushahidi.

Sasa namba zilikuwa zikipanda, na simu ikalia. Alikuwa Kheir.

"Bi Riyama, unaona? Niko langoni kwao. Moshi mweusi ti! Lakini juu ya bomba hapandi mtu peke yake, na mwenzetu wa tatu yuko Pemba."

Riyama akatambua kosa lake. Juzi Nadir alimpigia kuuliza ukaguzi ujao ni lini, naye akamwambia kuwa siku hii hayupo, anamuoza mdogo wake. Nadir akamwombea dua nzuri.

Akainuka.

"Ntarudi kabla bwana harusi hajaja," alimwambia Mwatima.

"Hutowahi," Mwatima akajibu, pasi na kupandisha sauti. Hilo likamuuma zaidi kuliko kama angepiga kelele.

Aliipangusa hina kwa pindo la khanga na kuendesha gari mpaka Mpendae. Nadir alikuja mwenyewe langoni.

"Bi Riyama! Si ulisema una harusi?"

"Harusi ipo. Fungua lango."

"Karibuni kwanza ofisini, mnywe japo chai."

Nyuma ya ukuta mtu alikuwa akipiga kelele, "Toeni! Toeni haraka!" Riyama hakubishana. Kheir alinyanyua kitambulisho, mlinzi akafungua, na wote wawili wakakimbilia ngazi ya bomba wakiwa wamevaa barakoa na glavu juujuu.

Chuma kilikuwa cha moto. Huko juu waliingiza mrija ndani ya bomba, pampu ikaanza kuvuta, na kile kichujio cheupe kikaanza kugeuka rangi, kijivu, kisha cheusi cha kunata. Simu ya Riyama ikalia mfukoni. Ikakatika, ikalia tena.

"Pokea, nkushikie," Kheir akasema.

"Mrija ukiteleza sampuli imeharibika."

Alijua ni nani anayepiga. Aliukamata mrija kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, mengine ya moshi.

Waliposhuka waliyakuta matairi mlangoni mwa tanuri, mengine yameshaungua nusu.

"Vifuu vimeadimika," Nadir alisema, sasa bila ya ule ulaini. "Nkizima moto, hawa vijana watakula nini?"

"Na watoto wa skuli wavute nini?"



Riyama alirudi Kikwajuni wageni wakinawa mikono. Shangazi yake alimpokea uani. "Kashatiwa mkono. Alikungoja mpaka wanaume wakaanza kunung'unika."

Aliingia chumbani ananuka mpira uliochomwa. Mwatima, kando ya mumewe, alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Umewapata?"

"Nimewapata."

"Haya," akasema, na kugeuza uso.

Majibu ya maabara yalitoka, tanuri likafungwa kwa amri, na halikuwashwa tena mpaka bomba lilipowekwa chujio na mkaguzi kupewa ruhusa ya kuingia saa yoyote. Walimu walimpigia Riyama kumshukuru. Mwatima hakupiga.

Mwishowe Riyama akamfuata mwenyewe Jambiani, alikoolewa. Mwatima alifungua mlango, akamwacha asimame kizingitini, kisha akasema, "Ingia basi, usisimame kama mdai."

Alimpakulia wali na pweza wa nazi. Riyama alipofungua mdomo kuomba radhi, mdogo wake akamsogezea sahani.

"Siku nyengine, Dada. Leo bado nna hasira. Kula."

Riyama akala.