Mwenye Kupanga Nyasi

Nyasi zilikuwa zimeshapangwa. Gaudiosa alisimama na jembe begani, akatazama miraba iliyofunika mteremko mzima wa marehemu baba yake, kuanzia mpaka wa juu hadi kwenye kahawa. Katikati yake alisimama baba mdogo Placidi, mikono nyuma.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Kilian mwanangu amekurahisishia kazi. Wewe fukia tu, upande maharage."

Tuseme ukweli: hapo shamba lilikuwa limekwenda. Huku kijijini Ukata mwanamume hufyeka nyasi na kuzipanga miraba. Mwanamke huchimba katikati ya kila mraba na kuzifukia kwa udongo, ngoro ikapatikana: shimo lenye matuta pande zote, la kuzuia maji yasibebe udongo. Anaweza kufukia miaka arobaini, lakini watu watasema shamba ni la aliyepanga nyasi. Mzee Florian alifariki mwaka jana bila kuacha mtoto wa kiume. Aliacha Gaudiosa, na Gaudiosa akifukia nyasi za Kilian, amekubali kuwa kibarua kwenye shamba la baba yake.

Hakufukia. Alisingizia mgongo, akarudi nyumbani na hasira iliyomnyima hata hamu ya kula.

Alasiri ile jumuiya ilisali nyumbani kwa Placidi mwenyewe. Baada ya Injili, katekista Tobias aliuliza kama kuna mwenye neno. Gaudiosa akasimama, akaomba kusoma kitabu cha Hesabu, ambacho wengi pale hawajakifungua tangu wanunue Biblia. Akasoma habari za mabinti watano wa Selofehadi, ambao baba yao alifia jangwani bila mtoto wa kiume. Jinsi walivyokwenda kusimama mbele ya Musa, kuhani na wakuu wote, wakadai sehemu ya baba yao, na Mungu akasema wana haki. Alijikwaa kwenye majina yao, akayarudia yote matano mpaka yakakaa sawa.

"Wale walikuwa na Musa," alisema Placidi. "Wewe una nani?"

"Musa hakuwa upande wao, baba mdogo. Walimkuta amekaa na wakubwa wenzake, wakasema yao. Hata yeye ilibidi akaulize kwanza."

Wawili watatu waliinamisha vichwa kuficha tabasamu. Hildegardi, mke wa Placidi, aliacha kupanga vikombe vya chai. Gaudiosa alikuwa anaogopa, lakini maji alikuwa ameshayavulia nguo. Akasema na lile ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

"Miaka mitatu ya mwisho baba alikuwa hawezi hata kuinama. Nyasi nilipanga mimi, alfajiri, kabla njia haijapata watu. Yeye alikaa pembeni na mundu wake, mkipita mnampa hongera. Mvua ilipobomoa ngoro zenu mwaka juzi, za kwake zilibomoka?"

Placidi alisema muda umekwenda, tusali sala ya kufunga.

Kesho yake, jua limeshachomoza na njia imejaa watu wa mnadani, Gaudiosa alianza kuzoa nyasi za Kilian, mstari mmoja baada ya mwingine, akizipanga upya, nene zaidi upande wa chini ambako maji husukuma. Watu walisimama, wakanong'onezana, wakaenda zao. Hakuna aliyemsalimia, na hilo lilimuuma kuliko alivyotegemea. Kufika saa nne alikuwa amemaliza mistari mitatu, na mgongo sasa ulikuwa unauma kweli.

Akasikia hatua. Alikuwa Hildegardi, kitenge kimekazwa kiunoni, jembe mkononi.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Nianze kufukia wapi?"

Gaudiosa alitazama ng'ambo ya bonde, ilipo nyumba ya Placidi. "Baba mdogo anajua uko huku?"

"Amekaa barazani," alisema Hildegardi. "Anatuona."

Akatema mate viganjani, akaingia mraba wa kwanza.