Mkono wa Kulia wa Upatano

Eutiko aliona kosa lake wakati chapa ya chuma ya kugongea sarafu ilikuwa imebaki kuchongwa madhabahu tu. Mchonga chapa huchonga kila kitu kinyume, ili sarafu ikigongwa kitoke sawasawa. Yeye, fundi wa dhahabu aliyejulikana Roma nzima, alikuwa amechonga sawasawa. Upatano, mungu wa kike wa Warumi, angetokea akimimina divai ya sadaka kutoka bakulini kwa mkono wa kushoto! Hakuna Mrumi ambaye angeipokea nuksi ile, na Fufidio, msimamizi wa karakana ya sarafu, alikuwa akimtafutia Eutiko sababu ya kumfukuza tangu macho ya mzee yalipoanza kumsaliti.

Aliirudisha chapa nyumbani, akaiweka mbele ya binti yake Trifosa na kukiri yote. Chuma hakina huruma: ukishachimba, umechimba, huwezi kurudisha.

Trifosa aliigeuzageuza kwenye mwanga. "Baba, kosa halifutiki, lakini linamezwa. Hilo bakuli nitalichimba zaidi liwe pembe ya neema, imejaa matunda. Pembe hubebwa kushoto. Halafu mkono wa kulia nauchonga upya, na bakuli lake."

"Ukiteleza, mkate wetu ndiyo basi."

"Basi usinipumulie shingoni, mzee wangu."

Alichonga, baba yake akimshikia taa na kuzuia pumzi.

Asubuhi, karakanani, Fufidio aliamuru igongwe sarafu ya kwanza. Nyundo ikashuka. Akaiokota ile dhahabu ingali ya moto, akaikazia macho: mkono wa kulia ukimimina, wa kushoto umekumbatia pembe, zabibu zikining'inia hata ukatamani kuchuma.

"Pembe sikuiagiza," alisema. "Lakini hujawahi kuchonga hivi, Eutiko. Kumbe macho yamepona."

Kunyamaza kungetosha kumwokoa. Eutiko alikuwa mtumwa zamani, na tangu apate uhuru hakuwa na mali nyingine ila sifa ya mikono yake. Lakini kifua kilikuwa kimemjaa, akashindwa kujizuia.

"Macho hayajapona. Mimi niliharibu. Aliyeponya ni binti yangu, Trifosa."

"Mwanamke?"

"Angekuwa wa kiume ungesema amerithi mikono ya baba. Huyu hakurithi, bwana. Amenipita."

Fufidio aliitazama tena ile sarafu. Kisha akachukua chapa tupu rafuni, akamwekea mzee mkononi.

"Mpelekee. Mwambie safari hii nataka uso wa Kaisari."