Ncha Nilizozikata

Sikuwa na shahada. Sikuwa na meza yangu mwenyewe, wala saa ya mkononi, wala mtu ofisini wa kuniita kwa jina; waliniita Rula. Nilichokuwa nacho ni cheti cha shule ya jioni na mkono usiotetemeka. Kwa miaka kumi na tisa nilipiga mistari iliyonyooka kuliko ya msomi yeyote katika kituo kile cha kuchunguza anga, na sioni haya kulisema.

Kwa hiyo mwaka jana, binti mmoja alipoketi sebuleni kwangu na kuuliza, "Babu, zile rekodi za zamani mlikuwa mnazipimaje?" nilifurahi. Hatimaye mtu amekuja kujifunza.

Alikuwa mtafiti, anamalizia shahada ya uzamivu. Dishi jipya la kunasa mawimbi ya angani lilikuwa limemwonyesha gesi nyembamba, nyingi, ikiizunguka galaksi moja niliyoijua kama kiganja changu.

"Nyota hazizaliwi patupu," alinieleza, ingawa nilishasoma. "Ile gesi ya nje inapoa, inaingia ndani polepole, ndiyo inayofanya nyota mpya. Ikikatika, galaksi inabaki na wazee watupu."

"Kama nyumba hii," mke wangu alidakia kutoka jikoni.

Binti alicheka, kisha akaacha kucheka. Rekodi zetu zilisema galaksi ile imekauka, haina gesi ya nje hata chembe. Walimu wake walimwambia dishi linamdanganya, kwa kuwa rekodi za Rula hazijawahi kukosea. Aifute kazi hiyo ya miaka minne, au asitokee mbele yao kuitetea Ijumaa ya wiki inayofuata.

"Ni kweli hazijawahi kukosea," nilisema, mgongo nimeunyoosha.

Nikamweleza. Dishi lilipita angani taratibu, na kalamu ikachora kwenye mkanda mrefu wa karatasi: uwanda, halafu mlima, halafu uwanda tena. Mlima ndio galaksi. Kazi yangu ilikuwa kupiga mstari wa sifuri kutoka uwanda hadi uwanda, kisha kupima kilichosimama juu yake. Ila mikanda ilizidi urefu wa majalada, ikawa inakunjika na kuchanika. Basi mimi, kwa akili yangu mwenyewe, nikaanza kuikata ncha zote mbili. Mkuu wa kituo alinisifu mbele ya watu wote. Barua yake ya pongezi ipo ukutani, kwenye fremu.

"Mlikata kabla ya kupiga mstari?" aliuliza polepole.

"Kabla. Kwa ajili ya unadhifu."

"Na ncha zenyewe?"

"Zilitupwa."

Aliitazama fremu, akavitazama viatu vyake, akaniaga kwa adabu. Adabu ile ndiyo iliyonitisha.

Mke wangu alitoka jikoni akijifuta mikono. "Zilitupwa wapi, baba watoto? Si ulikuwa unaniletea mimi nitandike kabatini?"

Tulishusha sahani, vikombe, mabakuli. Tukabandua plastiki ya maua. Chini yake zilikuwepo, zimegeuka rangi ya chai, kila moja na namba ya mkanda wake kwa mwandiko wangu, maana sikuwa mtu wa ovyo. Nilizichambua za galaksi ile, nikazipanga sakafuni, nikapiga magoti na rula.

Kalamu ilikuwa inateremka. Pale nilipokata, ilikuwa bado inateremka. Iliendelea kushuka kidogo kidogo, kipande kizima cha urefu wa mkono, ndipo ikatulia. Nikachukua ncha ya pili. Nikachukua ya kumi. Zote vilevile. Sifuri yangu niliipiga katikati ya mteremko; nilipima kilele na kuifukia miguu ya mlima. Gesi yote ilikuwa hapa, jikoni kwangu. Nilikuwa nimeitangazia msiba galaksi iliyo hai.

"Kumbe sahani zangu zimelalia nyota miaka yote hii!" mke wangu alisema. Kisha akaniona uso, akanishika bega.

Aliketi kando yangu sakafuni, vyombo vimetuzunguka.

"Tuzirudishe?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Niliitazama fremu kule sebuleni. Nilitaka kusema ndiyo. Ninaliandika hili ili lijulikane: nilitaka.

Badala yake nilimwomba karatasi safi. Barua kwa walimu wa yule binti niliiandika mara tatu, na ya mwisho ilikuwa fupi kuliko zote: *Nilikata kabla ya kupima, na hakuna aliyenituma. Binti yuko sahihi. Ncha zenyewe nimezifunga humu, namba ni mwandiko wangu.* Niliongeza kwamba katika maisha yangu sijapiga mstari uliopinda. Nikaisoma sentensi hiyo, nikaifuta.

Jumatatu asubuhi nililamba gundi ya bahasha, nikaikandamiza kwa rula mpaka ikashika.

Karani wa posta aliipima mkononi. "Ndefu hii, mzee. Niikunje?"

"Usiikunje," nilisema.

Akaigonga muhuri, akaitia kwenye mfuko wa barua pamoja na nyingine.