Mkono Uliogoma

Fundi cherehani alikuwa na msemo wake: bangi haimfungi mtu kamba. "Naacha nikitaka," humwambia dada yake.

Na dada, mjane asiyekosa sala, humjibu, "Basi taka, ndugu yangu, tuone."

Kila asubuhi kabla ya kukata nguo alipita nyuma ya duka, akavuta msokoto mmoja. Akirudi, chaki ilitembea yenyewe, kitambaa kikalegea mezani kama maji yaliyolala, na mkasi ukaogelea. Saa zilipita bila kubisha hodi. Ndivyo alivyokata sare ishirini akasahau kukikunja kitambaa ili mikono itoke jozi, yote ikatoka ya kushoto. Watu walicheka. Naye alicheka, tena kuwazidi.

Bintiye hakucheka. Alileta hariri nyeupe ya harusi yake. "Baba, nikatie wewe, ila ukiwa na akili zako. Ukishindwa niambie, nimpe fundi mwingine. Usinidanganye tu."

"Nimeanza kukata nguo hujaota meno, wewe."

Siku ya kukata, hakwenda nyuma ya duka. Alikunja hariri, akaibana kwa pini, akashika chaki. Mwili haukumuuma popote. Hana homa, hatetemeki. Mkono tu ulibaki hewani, kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Akanywa maji. Akanoa mkasi uliokuwa mkali tayari. Mara nne alijikuta kwenye mlango wa nyuma, miguu imemtangulia. Mwanga ukatambaa polepole juu ya hariri, weupe juu ya weupe, hata asijue kama yu macho au anaota.

Dada akachungulia. "Unaumwa?"

"Siumwi, dada, ndiyo shida yenyewe. Ningeumwa, ningemeza dawa."

"Basi ni moyo. Umeuzoesha kubebwa, leo hautaki kutembea."

Adhuhuri bintiye akafika, akaikuta hariri haina hata alama.

"Nilisema naacha nikitaka," baba akasema, macho chini. "Tangu asubuhi nataka, mwanangu. Mpe fundi mwingine."

Binti akainama, akamnusa shati begani. Lilinuka sabuni.

"Hujavuta."

"Sijavuta. Wala sijakata."

Binti akavuta kigoda, akakaa karibu naye. "Harusi bado wiki tatu. Kesho nakuja mapema."

"Na kesho mkono ukigoma?"

"Tutakaa hivi hivi, baba, mpaka uchoke kugoma."